Netta Imlach na Mstari wa Darajani

Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi ya msimu wa kuvua samaki wa samoni, Netta Imlach alishuka kando ya daraja la Kirkarvie saa kumi na mbili na nusu, akainama akaitazama nguzo ya kati, kisha akakigeuza kibao kilichoning'inia mlangoni mwa kibanda cha wavuvi. Baada ya hapo alikwenda shuleni kuwapikia watoto supu na viazi. Mtu asiyeujua mji wetu angedhani supu ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa.

Kibao kilikuwa na pande mbili. Upande mwekundu ulisema maji yamegusa mstari mweusi uliopakwa nguzoni, basi kila mwanachama wa chama cha wavuvi avue kwa chambo akipendacho. Upande mweupe ulisema maji yako chini ya mstari: manyoya tu, na wenye vijiko vya chuma warudi nyumbani wakawasaidie wake zao kumenya viazi.

Hapo ndipo penye ugomvi. Watu wa manyoya wana ufito mrefu kuwapita watu wawili waliobebana, na mwisho wa mshipi wao mzito kuna ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi za rangi. Hurusha, huuacha mkondo uuchukue mshipi taratibu hadi kando, husogea hatua mbili, hurusha tena, na huona kwamba wanasali. Watu wa chuma wana ufito mfupi na kijiko kinachozunguka majini kikimetameta. Hukitupa mbali, hukivuta kwa gurudumu la kukunjia mshipi, basi. Maji yakijaa na kuwa na rangi ya chai ya rangi, samaki hayaoni manyoya lakini kijiko hukiona. Maji yakipungua, kijiko hicho hicho humfukuza kila samaki kwenye lindi, pale penye kina wanapokusanyika. Kwa hiyo wazee wa chama waliuweka mstari, wakagawa siku. Ilikuwa sheria ya busara na, kama zilivyo sheria za busara, haikumfurahisha mtu.

"Wauza vyuma hao wamefika, ficheni sufuria," watu wa manyoya walisema kibandani.

"Mabwana manyoya," walijibiwa, "leo mmewachapa viboko samaki wangapi? Na mmewapata wangapi?"

Netta alikuwa mtu wa manyoya tangu utoto, na alikuwa hodari kuliko wote. Watu waliokuwa wakivuka daraja kwenda kununua mikate walisimama kumtazama akirusha. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, kofia ya sufu imemfika nyusini, na mshipi ukimtoka mkononi mita thelathini ukatua bila kuvunja maji. Sijaona mtu mwingine akifanya vile, na nimeishi kando ya mto huu maisha yangu yote. Lakini sifa yake hasa haikuwa hiyo. Mtu wa chuma akimnasa samaki, Netta aliacha ufito wake ukingoni akaingia majini na wavu kumsaidia, na hakutia neno la kejeli. Alijifunza hayo kwa baba yake, Alec, ambaye naye aliusoma mstari miaka thelathini na moja kabla ya kumrithisha. Pande zote mbili zilizoea kusema kwamba akina Imlach hawakosei. Netta alikuwa akijifanya hasikii, ila alisikia, na alilipenda neno lile.

Januari moja mto ulifurika, theluji ya milimani imeyeyuka kwa usiku mmoja, na magogo yakaisugua nguzo hata ikabaki jiwe tupu. Mstari ulikuwa umepotea, umebaki ukoko mmoja mwembamba wa rangi, urefu wa kidole. Wiki moja kabla ya msimu kufunguliwa, Netta alisimamisha ngazi majini kwenye baridi ya kukata masikio, akaupaka mstari upya kwa mkono wake, upana vidole vinne kama ulivyokuwa. Ukoko ule aliuchukua kuwa ukingo wa chini wa mstari wa zamani. Akaanzia hapo kwenda juu. Akashuka, akanywa chai, akawa na furaha.

Msimu ukaanza na kibao kikawa cheupe. Machi, cheupe. Aprili mvua zilinyesha, maji yakapanda yakaukaribia mstari, yakasita, yakarudi. Cheupe.

Mtu wa kwanza kunung'unika alikuwa Dod Cruickshank. Huyu alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa vigae vya mawe, umri miaka themanini na moja, magoti yamekwisha kwa kupiga magoti juu ya nyumba za wenziwe. Alikuwa mtu wa chuma mpaka ndani ya mifupa. Mwezi wa Mei alimkuta Netta kibandani na watu wengine wanne.

"Netta, binti, ama mto unadanganya ama mstari wako unadanganya."

"Mto una nini tena, Dod?"

"Pale mabibi zetu walipokuwa wakifulia. Vile vipandio vya mawe. Tangu niko mdogo, kipandio cha tatu kutoka juu kikianza kulowa, maji yameshika mstari. Leo kipandio kimezama, na mstari wako mkavu kama biskuti."

"Mafuriko yamevidondosha vipandio," Netta akasema. "Magogo yamehamisha mpaka mawe ya ukutani, hivyo vipandio vitabaki?"

"Mimi nimejenga kwa mawe miaka hamsini. Vile havijasogea."

"Dod," akadakia mmoja, "sema tu kijiko chako kimeota kutu, kinataka kuoga."

Wakacheka. Netta naye alicheka kidogo. Wala hakwenda kuvitazama vipandio, ng'ambo ya mto, hatua mia mbili tu. Niseme ukweli kwa kuwa nampenda: hakwenda kwa sababu ya kiburi. Imlach hakosei, atatazamaje mawe ya kufulia?

Mwezi wa Juni ndipo alipompata samaki wa maisha yake. Maji yalikuwa vidole vinne chini ya mstari, kibao cheupe, na Dod amekaa kwenye benchi na ufito wake umo ndani ya mfuko. Alizoea kuja nao hivyo hivyo, huenda maji yakapanda. Netta alikuwa katikati ya lindi, peke yake, maana watu wa chuma hawakuruhusiwa na lindi lilikuwa limetulia. Mshipi ulipofika mwisho wa mzunguko wake ulisimama, halafu ukaenda. Walivutana nusu saa. Alipomleta kando, samaki alikuwa mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, anang'aa, ametoka baharini juzi tu.

Hakuwa na mtu wa kumshikia wavu. Dod akainuka kwenye benchi na magoti yake yale, akaingia majini hadi mapajani na viatu vyake vya kawaida, akapitisha wavu chini ya samaki kwa mara moja, bila papara.

"Mzuri huyu," akasema. "Mzuri mno. Mgeuze kichwa kwenye mkondo, apumue."

Wakamshika pamoja mpaka alipopata nguvu akajichomoa mikononi mwao. Dod alikuwa anatetemeka kwa baridi, anacheka.

"Hongera, binti. Alec angelia."

Netta alimpa chai yote iliyokuwa kwenye chupa. Jioni ile alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini.

Msimu ulipofungwa, alikuwa amepata samoni kumi na mmoja na kuwarudisha wote mtoni. Hakuwa amewahi kupata wengi hivyo. Siku za kibao chekundu zilihesabiwa zikawa tisa. Mwaka wa kawaida hupita arobaini. Hapo mwenyekiti wa chama, Bwana Farquhar Lumsden, daktari wa meno mstaafu aliyeamini kijiko cha chuma ni dhambi ndogo kidogo tu kuliko wizi, akaandaa hoja kwa mkutano mkuu wa Novemba: kwa kuwa siku za chuma zimekuwa chache kiasi hiki, ruhusa hiyo haina kazi tena, na ifutwe milele. Alikuwa na kura za kutosha.

Siku mbili kabla ya mkutano mvua ilinyesha. Netta alitoka shuleni akapitia ng'ambo ya mto kumpelekea mgonjwa bakuli la supu, na njia ile inapita kwenye vipandio vya kufulia. Alisimama. Kipandio cha tatu kilikuwa kinaanza kulowa, maji yanakilamba na kukiacha. Akavitazama viungo vya mawe. Vilikuwa na kuvu ya miaka mia, haijapasuka popote. Havikuwa vimesogea hata unywele.

Akageuza macho darajani. Maji yalikuwa chini ya mstari kwa vidole vinne.

Alikwenda kuchukua ngazi. Alipanda na kisu cha kupakia siagi cha jikoni kwake, akakwangua jiwe chini ya mstari aliouchora, pale ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Kwenye vishimo vya jiwe, ndani kabisa, magogo yasipofika, kulikuwa na weusi. Rangi ya zamani. Rangi ya baba yake. Ukoko ule wa Januari haukuwa ukingo wa chini wa mstari, ulikuwa ukingo wa juu, na mstari wote wa mwaka mzima ulikuwa umekaa juu ya mahali pake kwa upana wake wenyewe.

Alibaki juu ya ngazi mpaka vidole vikafa ganzi. Kilichomchoma si zile siku thelathini na kitu walizonyang'anywa watu wa chuma, ingawa hizo nazo zilikuja baadaye. Ilikuwa siku ile ya Juni. Siku ile maji yalikuwa vidole vinne chini ya mstari, yaani yalikuwa mstarini hasa. Kibao kilipaswa kuwa chekundu. Dod alikuwa na haki ya kuwa majini, na badala yake aliingia na viatu vyake vya kawaida kumshikia wavu yeye. Netta aliona aibu.

Kesho yake alasiri alikwenda kwa Bwana Lumsden, maana ndiye mwenyekiti. Akamweleza yote. Bwana Lumsden alimmiminia chai, akamsogezea biskuti za shayiri.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe wa kwanza."

"Basi na niwe wa mwisho." Alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya. "Sikiliza, Netta. Samaki wamepungua, unajua hilo kuliko mimi. Vijiko vinapopigwa maji yakijaa, wanaumia wengi. Mwaka huu kosa lako limewapumzisha. Mto unakushukuru."

"Mto haukupaka rangi, Bwana Lumsden. Nimepaka mimi."

"Ukisimama kesho kusema, hoja inakufa. Na jina la Imlach linakufa nalo. Miaka hamsini! Watacheka mpaka baba yako kaburini asikie. Kwa faida ya nani? Wauza vyuma kumi na wawili?"

"Dod amekuwa akisema tangu Mei."

"Na nani alimsikiliza?" Akaisogeza sahani ya biskuti karibu zaidi. "Wewe ni mtu wa manyoya, Netta. Ni mwenzetu."

"Ni mwenzenu, na nitakufa hivyo. Lakini nikiwa pale nguzoni asubuhi, mimi si mwenzake mtu."

Hakula biskuti. Njiani, alituambia baadaye, alikaribia kurudi mara mbili. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini maneno ya Bwana Lumsden kuhusu samaki yalikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Hata yeye, moyoni, angependa lindi litulie daima kama mwaka ule. Tena hakuna ambaye angejua. Msimu ujao angeweza kupanda ngazi na kopo la rangi, akaushusha mstari kimyakimya, mambo yakaisha. Ila kura ingekuwa imeshapita.

Mkutano ulifanyika Alhamisi saa moja jioni, kwenye ukumbi wa kanisa, watu arobaini na sahani za sandwichi. Watu wa manyoya walikaa kulia, watu wa chuma kushoto, kama arusi ya koo zilizogombana. Dod alikaa mbele kabisa kwa sababu ya masikio. Kabla Bwana Lumsden hajamaliza kuisoma hoja, Netta alisimama.

"Kabla hamjapiga kura," akasema, "hizo siku tisa si za kweli. Zilipaswa kuwa arobaini na kitu, kama kila mwaka. Mstari niliuchora mahali si pake, uko juu kwa vidole vinne. Nilikosea Februari, na mwaka mzima nimewafungia watu mto kwa kosa langu. Dod aliniambia. Nilimcheka."

Nyuma ya ukumbi mtungi wa chai ulikuwa ukichemka.

"Umehakikisha?" mtu akauliza upande wa kulia, kwa sauti ya mwenye kutumaini.

"Nimekwangua jiwe. Rangi ya baba yangu iko chini yake. Nenda kaangalie na tochi." Akauchomoa mfukoni ufunguo wa kibanda, akauweka mezani mbele ya mwenyekiti. "Mtafuteni mwingine wa kusoma."

Mwungwana akivuliwa nguo huchutama, wasemao walisema. Netta alivua zake mwenyewe, mbele ya watu wote, na akachutama bila kutafuta kisingizio cha baridi, wala ngazi, wala magogo. Mimi nilikuwapo, na sikuwahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye dakika ile.

Bwana Lumsden aliitazama karatasi yake kwa muda, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Hoja imeondolewa," akasema. Na hilo lihesabiwe kwa wema wake.

Kisha Dod akasimama. Ilimchukua muda.

"Daktari wangu amenikataza kuingia majini peke yangu kuanzia mwaka ujao," akasema. "Magoti. Kwa hiyo nilikuwa nimebakiwa na msimu mmoja, Netta. Ulikuwa huu."

Machozi yalimtoka Netta hadharani, na hakuyafuta.

"Sikusamehe leo," Dod akaendelea. "Nisiseme uongo ndani ya nyumba ya Mungu. Nimekasirika, na nina haki." Akasogea mpaka mezani, akauchukua ule ufunguo, akaugeuza geuza kama anayepima kigae. "Lakini huu chukua. Hawa wengine wote humu, wa kwenu na wa kwetu, sijui wakikosea watafanya nini. Wewe nimeshajua."

Akamtia ufunguo mkononi. Netta akaushika, akaushika na mkono wa mzee pamoja nao.

"Amesema usiingie peke yako," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Nitakushika mkanda."

"Wewe?" Dod akawageukia watu. "Mmesikia? Bingwa wa manyoya asimame majini amshike mkanda muuza vyuma! Watakutenga, binti. Watakunyima hata biskuti."

Ukumbi ukacheka, kulia na kushoto. Netta hakucheka. "Nitakushika," akasema tena.

Siku msimu ulipofunguliwa, Februari, theluji kidogo imeyeyuka, maji yalikuwa juu ya mstari ulioshushwa mahali pake, yana rangi ya chai, na kibao kilikuwa chekundu. Netta aliacha ufito wake nyumbani. Watu walijazana darajani, wengine wamekuja kwa ubaya kabisa, wamuone. Walimwona akiingia mtoni nyuma ya Dod hadi kiunoni, mkono mmoja umekamata mkanda wa mzee, mwingine umeshika gongo alilojikita nalo mchangani. Kila Dod alipotaka kusogea alisema "hatua," na wakasogea pamoja, hatua moja, kwa magoti ya miaka themanini na mbili. Alitupa kijiko, akakivuta. Alitupa, akakivuta. Walishuka lindi zima hivyo, muda wa saa mbili, na baridi ile huijui kama hujaiingia.

Hakupata kitu. Hata wa kumgusa hakumpata. Walipotoka Dod alikuwa hawezi kufungua vifungo vya koti, Netta akamfungulia kwa vidole vilivyokufa ganzi kuliko vyake.

"Vipi, Dod?" wakampigia kelele kutoka darajani. "Umepata nini?"

"Sijapata kitu," akajibu. "Lakini huyu mkanda wangu hakuuachia hata mara moja."